Du Fu Hakuandika "Kwa Hivyo"

Miaka minne iliyopita nilimpa mwanafunzi wangu sufuri ambayo hadi leo inanisumbua.

Ulikuwa mtihani wa ndani wa kidato cha tatu. Mashairi ya karatasi za zamani wanafunzi walikuwa wameshayakariri pamoja na majibu yake, kwa hivyo usiku mmoja nikaketi nikatunga langu, tarbia ya beti nne. Mshororo mmoja ulikuwa hivi: "Kisima kimekauka, mama yuko safarini." Swali langu likauliza: taja na ueleze tamathali ya usemi iliyotumika katika mshororo huu (alama 2). Mwongozo wangu wa kusahihisha ukasema: sitiari, mama ndiye kisima. Darasa karibu zima liliandika sitiari. Waliobahatisha waliandika tashbihi. Mmoja akaandika: "Hakuna tamathali. Ni vitu viwili vimewekwa pamoja."

Alikuja ofisini na karatasi mkononi.

"Mwalimu, hapa mbona sufuri?"

"Tamathali iko wapi?"

"Si ndiyo nimesema haiko. Mshairi ameviweka tu hapo, akatuachia."

Nikamwambia akaisome tena orodha ya tamathali. Hakujua kwamba mshairi mwenyewe ndiye aliyekuwa ameketi mbele yake, na mimi sikumwambia.

Orodha hiyo unaijua kama ulipitia shule ya Kenya. Tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, takriri, tanakuzi. Tunazifundisha kama vipuri vya gari: hiki kinaitwa hivi, kinakaa hapa, kazi yake ni kupamba lugha. Mwanafunzi akiliona neno "kama", anajua amepata alama. Sikuwahi kuona ubaya wa mtindo huo mpaka nilipokwama kwenye mashairi ya watu wa mbali sana, Wachina wa enzi ya Tang (618–907).

Nilikuwa nimenunua kitabu cha tafsiri zao za Kiingereza kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba jijini Nairobi. Kusema kweli, mara ya kwanza kilinichosha. Mlima. Mto. Mwezi. Mzee amelewa. Rafiki anaondoka kwa mashua. Nikajiuliza, ati hawa ndio wamesifiwa kwa zaidi ya miaka 1200? Mbona hakuna kitu hapa? Ilinichukua muda kuelewa kwamba tafsiri niliyokuwa nayo ilikuwa imebeba vitu vyote vya shairi, ikaacha ule mpangilio uliovifanya vizungumze.

Hilo lina historia yake. Ezra Pound alipochapisha Cathay mwaka 1915, hakuwa anajua Kichina. Alitegemea madaftari yaliyoachwa na Ernest Fenollosa, akatoa mashairi mazuri ya Kiingereza yaliyojaa taswira. Arthur Waley, aliyekijua Kichina, alichapisha tafsiri zake mwaka 1918 naye akaviacha vina. Tangu hapo wasomaji wengi wa Kiingereza, na sisi tunaopitia mlango huohuo, tukaamini kwamba Mchina wa kale aliandika shairi huru: anaona ndege, anamtaja ndege, basi. Wengine wakaongeza kwamba kila herufi ya Kichina ni picha. Si kweli. Herufi nyingi za Kichina zina sehemu inayodokeza sauti, na washairi wa Tang walikuwa watu wa sheria kali kuliko hata sisi wa vina na mizani.

Hebu tuitazame sheria yenyewe. Umbo lililotukuka zaidi wakati huo, lüshi, lina mishororo minane. Kila mshororo una herufi tano, au saba, na kila herufi ni silabi moja, kwa hivyo hiyo ni mizani kabisa. Vina vinaangukia mishororo ya shufwa: wa pili, wa nne, wa sita, wa nane. Juu ya hapo kuna toni. Anayezungumza Gĩkũyũ au Dholuo nyumbani hahitaji kuelezwa kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linaweza kuwa lingine. Wachina waligawa toni zao katika makundi mawili, tambarare na zilizopinda, wakataka mshororo mmoja ukienda tambarare katika nafasi fulani muhimu, mwenzake upinde.

Sasa ndiyo tunafika penyewe. Mishororo hiyo minane huenda kwa jozi nne, na jozi mbili za katikati lazima ziwe na usambamba. Usambamba wao si ule wa kurudia muundo wa sentensi tu. Nomino isimame mbele ya nomino, kitenzi mbele ya kitenzi, idadi mbele ya idadi, rangi mbele ya rangi, na maana zilingane au zipingane. Nikibuni mfano wa Kiswahili, ingekuwa namna hii: Juu, wingu moja jeupe, chini, mbuzi wawili weusi. Juu na chini. Wingu na mbuzi. Moja na wawili. Jeupe na weusi. Katika tarbia yetu, ukwapi na utao hufungwa kwa idadi ya mizani, na kila kipande hupokea kina chake. Kule, mshororo na mwenzake hufungwa kwa maana pia. Mshairi wetu anatafuta neno linaloishia na "-ka". Mshairi wao, akishasema wingu, anatafuta kitu kinachostahili kutazamana na wingu.

Na hakuna anayekuambia kwa nini vinatazamana. Hakuna "kama", hakuna "mithili ya", hakuna "kwa sababu". Vitu viwili vimewekwa pamoja.

Unaona sasa kwa nini sufuri yangu ilianza kuniwasha.

Wahakiki wa China walilijadili jambo hili mapema. Liu Xie, aliyeishi katika karne ya 5 na ya 6, aliandika kitabu cha uhakiki chenye sura 50, Wenxin Diaolong, na sura moja nzima akaitoa kwa usambamba. Anaanzia kwenye mwili: viungo vyetu vimeumbwa viwili viwili, kwa hivyo si ajabu maneno nayo yakitafuta wenzao. Kisha anautenga usambamba katika aina nne. Kuna wa maneno matupu na kuna wa visa, ambapo kila upande unagusa kisa cha kale. Huo wa kwanza ni rahisi, wa pili ni mgumu. Kuna wa kulingana na kuna wa kupingana. Hapo Liu Xie hasiti: wa kupingana ndio bora, wa kulingana ni duni.

Ukifikiri utaona ana hoja. Ukisema jambo, kisha ukaweka kando yake jambo jingine linalosema vilevile, umelisema mara mbili. Lakini ukiweka kando yake kinyume chake, na vyote viwili vikaelekea maana moja, msomaji analazimika kuuliza ni maana gani hiyo. Kazi imehamia kwake. Sisi darasani tungeiita hiyo tanakuzi, tuweke alama, tuendelee na swali la tano.

Sasa twende kwa Du Fu (712–770), manake yeye ndiye anayetajwa kuwa fundi mkuu wa umbo hili. Mwishoni mwa mwaka 755 jenerali An Lushan aliasi. Mwaka 756 mji mkuu, Chang'an, ukatekwa, na mfalme akakimbia. Du Fu aliihamishia familia yake kaskazini, Fuzhou, kisha akaondoka peke yake kwenda kujiunga na mfalme mpya. Waasi wakamkamata njiani, wakamrudisha Chang'an. Huko ndiko alikokuwa majira ya kuchipua ya 757, mji umeporwa, mkewe na watoto wako mbali, na hajui kama wako hai. Ndipo akaandika shairi linaloitwa Chunwang, la kutazama majira hayo. Lina herufi 40 tu.

Katika jozi ya kwanza, ambako sheria haimlazimishi, tayari Du Fu anaweka usambamba: upande mmoja dola iliyovunjika na milima na mito ambayo ipo, upande wa pili mji na mimea yake. Mimi nilipoisoma kwa Kiingereza nilidhani ni maelezo ya mandhari. Sima Guang, mwanahistoria wa karne ya 11, ndiye aliyenifungua macho. Alieleza kwamba mtu akikwambia milima na mito ipo, amekwambia hakuna kingine kilichobaki. Akikwambia nyasi zimestawi mjini, amekwambia hakuna watu wa kuzikanyaga. Du Fu hakuutaja mwili hata mmoja. Alitaja majani.

Katika jozi ya pili kuna maua na kuna machozi, lakini mwenye machozi hayuko. Kichina cha kishairi kinaruhusu kitenzi kisimame bila mtendaji. Je, ni mshairi anayelia akiyatazama maua, au ni maua yenyewe yanayodondosha umande kama machozi? Wasomaji wamegawanyika kwa karne nyingi. Nilijaribu kuitia jozi hiyo Kiswahilini, lakini wapi! Ngeli hazikuniruhusu. Nikiandika "ni-", nimemchagua Du Fu. Nikiandika "ya-", nimeyachagua maua. Nilijaribu kujificha nyuma ya "ku-": kulia, kumwaga, kushtuka. Ikasomeka kama orodha ya kazi za nyumbani. Lugha yetu, kwa uzuri wake wote, inamdai mtendaji kitambulisho mlangoni. Hapo nikaelewa kwamba mbinu hii haiwezi kuchomolewa kwenye sarufi yake na kubebwa kama pambo. Kutomtaja mtu ndiyo maana yenyewe: katika mji ule, majira yale, huzuni imeenea hadi hujui tena ni ya nani.

Jozi ya tatu ndiyo iliyonikamata. Mshororo mmoja unahusu mioto ya ishara za vita, nao umebeba hesabu ya miezi. Wa pili unahusu barua ya nyumbani, nao umebeba hesabu ya dhahabu. Nomino kwa nomino, idadi kwa idadi, sheria imetimia. Lakini angalia alichokiacha. Hakuandika kwamba barua haziji kwa sababu ya vita. Hakuandika "kwa hivyo". Vita vinapimwa kwa muda, barua inapimwa kwa mali, na katikati ya mishororo hiyo miwili, pale pasipo na neno, ndipo yalipo mambo yote: barabara zilizofungwa, mke asiyejulikana yuko wapi, mtu anayehesabu siku.

Nilikijua kimya hicho. Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, mama alikuwa karibu na Eldoret, kwa dada yake alikoenda kula Krismasi. Sisi tulikuwa Nakuru. Barabara zilikuwa zimezibwa. Maduka mengi yamefungwa, na kadi za simu za kukwangua, ukizipata, uliuziwa kwa bei ya kuruka. Baba alikuwa ananunua hata hivyo. Anakwangua, anapiga, simu haipatikani, anaketi. Jirani alikuwa na kisima ambacho mtaa mzima tulikitegemea, na wiki hiyo kikakauka. Mtu akiuliza hali pale nyumbani, baba alikuwa anajibu: kisima kimekauka, na mama watoto yuko safarini. Habari mbili, kwa sauti moja, kisha anabadilisha mazungumzo. Hakuwa na neno la kuziunganisha, na nadhani hakulitaka, kwa sababu neno hilo lingekuwa ni kusema kile alichokuwa anakiogopa. Mama alifika siku ya tisa, juu ya lori, akiwa na mfuko mmoja.

Miaka mingi baadaye nilikaa usiku nikitafuta mshororo wa mizani kumi na sita, na maneno ya baba yakajipanga yenyewe, nane kwa nane. Asubuhi yake nikaandika kwenye mwongozo: sitiari, mama ndiye kisima. Sikukumbuka yalikotoka. Mama hakuwa kisima. Mwanafunzi alilisoma shairi langu vizuri kuliko mimi niliyelitunga.

Hata hivyo, sitaki niibuke hapa nikisema kwamba kunyamaza siku zote ni hekima. Historia ya China yenyewe inakataa. Shijing, diwani yao ya kale yenye mashairi 305, huzungumziwa kwa mbinu tatu: fu, yaani kusema moja kwa moja, bi, yaani kulinganisha, na xing, ambayo sisi hatuna jina lake. Katika xing, shairi linaanza na kitu fulani, ndege au mmea, kisha linarukia jambo la binadamu bila kuonyesha daraja. Zhu Xi, msomi wa karne ya 12, aliieleza kuwa ni kutaja kwanza kitu kingine ili kuliamsha lile linalotaka kuimbwa. Shairi la kwanza kabisa la diwani hiyo linaanza na ndege wanaoitana kwenye kisiwa cha mtoni, kisha tunakutana na msichana na kijana anayemtamani hadi usingizi unampaa.

Basi nafasi ile kati ya ndege na msichana ikawa shamba lisilo na hati. Wafafanuzi wa shule ya Mao, waliotia alama ya xing kwenye mashairi zaidi ya 100, walishikilia kwamba shairi hilo linasifu uadilifu wa malkia. Ndege wakawa mfano wa ndoa yenye adabu. Kwa karne nyingi hilo ndilo lilikuwa jibu la kufundishwa. Yaani na wao walikuwa na mwongozo wa kusahihisha. Mshairi akiacha pengo, si lazima msomaji mnyonge ndiye atakayelijaza. Mara nyingi hujazwa na mwenye kalamu nyekundu.

Mitihani yenyewe pia iliufikia ushairi. Katika enzi ya Tang, kutunga shairi la kanuni, lenye usambamba wake na toni zake, kulikuja kuwa sehemu ya mtihani mkuu wa kuingia serikalini. Naye Du Fu, fundi wa usambamba, hakuufaulu. Mwaka 747 alijaribu tena katika mtihani maalumu, na safari hiyo watahiniwa wote waliangushwa. Waziri mkuu, Li Linfu, akamwambia mfalme kwamba hiyo ni dalili hakuna mwenye kipawa aliyebaki nje ya serikali. Hiyo ilikuwa siasa, ubovu wa mishororo haukuhusika. Lakini ni vizuri mwalimu akumbuke kwamba jina hilo liliwahi kuwa kwenye orodha ya walioanguka.

Kwa hivyo ninasema nini? Kwamba tamathali ya usemi, kwa jinsi washairi hawa walivyoitumia, si vazi ambalo fikra inavalishwa ikishakamilika. Ni uamuzi wa nini kikae karibu na nini, na wapi mshairi anyamaze. Na kimya hicho kina nguvu kwa sababu kimezungukwa na sheria ngumu. Idadi imeikabili idadi, toni imeikabili toni, kila kitu kimefungwa, ila ile sehemu moja iliyoachwa wazi kwa makusudi. Ukiacha kila kitu wazi, msomaji hajui aingilie wapi. Hilo ndilo lililoikumba tafsiri yangu ya vibandani: ilifungua milango yote, ikawa si nyumba tena.

Hapa kwetu hatuko mbali na jambo hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijua kufumba katika mashairi ya siasa, na waliokusudiwa wakaelewa. Lakini fumbo lina jibu, ukilifumbua limekwisha. Jozi ya Du Fu haina jibu la kufumbua. Ukishajua kila kinachojulikana kuhusu vita na barua, bado unabaki umesimama katikati ya mishororo miwili. Kwa kitu cha namna hiyo, swali la "taja tamathali" ni finyu. Swali linalofaa ni: kwa nini hiki kiko kando ya kile, na kuna nini katikati?

Narudi kwa yule mwanafunzi. Nimeisahihisha upya karatasi yake kichwani mara nyingi. Siwezi kumpa alama zote mbili. Aliona kwamba ni vitu viwili vimewekwa pamoja, na kwa hilo anastahili moja, ambayo darasa zima, pamoja na mwalimu, hatukuistahili. Ya pili ilikuwa ya kueleza kwa nini vimewekwa pamoja, na hakueleza. Lakini angewezaje? Pale ofisini aliponiambia mshairi ameviweka tu akatuachia, nilikuwa na nafasi ya kumuuliza, "Ametuachia nini?" Pengine angejibu. Nilimtuma orodha.

Alishamaliza shule. Karatasi yenyewe sijui iliko. Muhula huu nimelirudisha shairi lile kwenye mtihani, mshororo ni uleule, na swali nimelibadilisha. Kwenye mwongozo wa kusahihisha, mahali palipoandikwa sitiari, nimeandika kwamba mtahiniwa akubaliwe jibu lolote linaloonyesha kuwa amekaa kidogo kati ya kisima na mama. Mwenzangu wa idara alipoupitia aliuliza, sasa hiyo tutaisahihisha vipi? Nikamwambia polepole. Akacheka, akatia sahihi.